Antena za GPS zinavyopima unyevu wa hewa kabla ya mvua kubwa

Simu yako inapokuonyesha ulipo kwenye ramani, huwa imepokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu ya ardhi. Ni mawimbi ya redio kama yale yanayokuletea matangazo yetu, ila masafa ni tofauti. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, kisha hukokotoa umbali.

Mawimbi hayo yakiingia kwenye hewa hupungua kasi kidogo, na umbali huonekana mrefu kuliko ulivyo. Setilaiti ikiwa utosini, nawe uko usawa wa bahari, hewa kavu peke yake huongeza mita 2.3 hivi. Mvuke wa maji huongeza sentimita chache penye ukame, na hata 30 au zaidi penye joto na unyevu mwingi. Kwa wapima ardhi hilo lilikuwa kosa la kuondoa tu. Mwaka 1992 Michael Bevis na wenzake huko Marekani walieleza namna ya kulitumia kosa hilo kupima mvuke wenyewe.

Hesabu yake si ngumu sana. Presha ya hewa ikipimwa karibu na antena, sehemu ya hewa kavu hujulikana, na inayobaki ni ya mvuke. Kila sentimita 6.5 hivi za mvuke ni sawa na milimita 10 za maji, kama mvuke wote ulio juu ya antena ungegeuka maji. Hii haina maana kwamba zitanyesha milimita 10. Upepo ukiendelea kuleta mvuke mpya, mvua huzidi kiasi hicho mara nyingi, kama ndoo inayomwagwa huku bomba likiwa wazi. Kwa hiyo watabiri hutazama pia jinsi kiasi hicho kinavyopanda saa hadi saa. Puto za hali ya hewa hurushwa mara moja au mbili kwa siku. Antena haipumziki, hata usiku, hata penye mawingu.

Japani ina antena kama 1,300 za namna hii, zilizosambazwa hasa kufuatilia ardhi inavyosogea katika nchi yenye matetemeko mengi. Tangu Oktoba 2009 idara yake ya hali ya hewa inaingiza vipimo vyake vya mvuke kwenye kompyuta za utabiri.

Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2020, mvua iliyonyesha Kumamoto, kusini mwa nchi hiyo, ilizidi utabiri. Onyo la ngazi ya juu kabisa lilitolewa saa 10:50 alfajiri, watu wakiwa wamelala. Mto Kuma ulifurika, na katika makao mamoja ya wazee walikufa 14. Mvuke ule ulitoka baharini, ambako hakuna pa kusimika antena. Tangu 2021 idara hiyo imefunga vipokezi kwenye meli, zikiwemo za walinzi wa pwani, ili kuona unyevu kabla haujafika nchi kavu.

Je, simu yako inaweza kufanya kazi hiyo? La, si kwa namna tunavyoitumia. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na sentimita 30 za mvuke humezwa humo. Antena za vipimo husimikwa imara mahali pamoja, na hupima hadi milimita.

Afrika Mashariki pia antena kama hizo zimesimikwa, zikiwemo za Malindi nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda, lakini ni chache na ziko mbalimbali. Kila moja huonesha hali ya makumi machache tu ya kilomita kuizunguka, kwa hiyo wingu linaweza kukua katikati bila kuonekana. Tena vipimo havina budi kumfikia mtabiri ndani ya saa moja au mbili. Vikifika kesho yake vinamfaa mtafiti, lakini aliye bondeni mafuriko yameshampitia.