Kuchakaa au Kasoro? Kuzimika kwa Skrini za Mguso katika Magari ya Tesla, 2012–2021

Historia ya gari la umeme imeandikwa zaidi kwa kuangalia betri na mota. Hata hivyo, kuzimika kwa skrini za Tesla nchini Marekani kunadhihirisha kwamba kijenzi kidogo cha kompyuta kinaweza kuibua upya swali la kale la kisheria: kuchakaa hukoma wapi, na kasoro huanzia wapi?

Model S, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ilikusanya vidhibiti vingi katika skrini moja ya inchi 17. Kompyuta yake ilitegemea chipu ya kuhifadhi data yenye ukubwa wa gigabaiti 8. Chipu ya aina hiyo hufutwa na kuandikwa upya kwa idadi ya mara yenye kikomo. Kwa kuwa mfumo uliandika humo taarifa za utendaji wake bila kukoma, uhai wa chipu ulipungua kila gari lilipotumika. Skrini ilianza kuchelewa kuitika, ikajizima na kujiwasha, hatimaye ikabaki nyeusi. Kuwasha upya mfumo kwa kubonyeza vibonye viwili vya usukani kulituliza dalili tu, hakukuponya ugonjwa. Mafundi wa kujitegemea waliobaini chanzo walibadilisha chipu pekee, badala ya kompyuta nzima.

Mwezi Juni 2020, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ilianza uchunguzi. Hoja yake haikuwa usumbufu wa dereva. Skrini ilipozimika, ilizima pia kamera ya nyuma, vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele na mlio wa taa za ishara. Januari 2021 iliitaka kampuni iyaite kwa marekebisho magari yapatayo 158,000 ya Model S na Model X. Tesla ilijibu kwamba chipu ilichakaa kama ilivyotarajiwa, na kwamba dereva angeweza kutumia vioo na kugeuza kichwa. Pamoja na kukana kasoro, baadaye ilikubali kuyaita magari 134,951, na chipu mpya ikawa ya gigabaiti 64.

Kwa hiyo, pande zote mbili zilikubaliana kuhusu chanzo; zilichotofautiana ni kipimo cha muda. Mtengenezaji alipima kwa umri wa kijenzi, mamlaka ikapima kwa umri wa gari. Kompyuta ilipokabidhiwa kazi za usalama, kipimo cha kwanza hakikutosha tena.