Haki ya kusahaulika mtandaoni ni nini?

Ukitafuta jina lako Google, deni ulilomaliza kitambo linaweza kutokea la kwanza. Je, unaweza kuliondoa?

Mwaka 2009, msomi Viktor Mayer-Schönberger alichapisha kitabu, Delete. Hoja yake: binadamu husahau, kompyuta haisahau, hivyo data iwekewe muda wa mwisho.

Mwaka 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Mhispania mmoja. Google ilikuwa bado inaonyesha matangazo ya gazeti ya 1998 kuhusu mnada wa mali yake, wakati deni lilishaisha. Mahakama ikamuunga mkono.

Lakini ngoja kwanza. Kinachoondolewa ni kiungo kwenye matokeo ya jina lako. Habari yenyewe inaweza kubaki gazetini. Na kama umma una haki ya kujua, mfano rekodi ya mwanasiasa, ombi linaweza kugonga mwamba.

Kenya je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kudai data potofu irekebishwe, na iliyopatikana kinyume cha sheria ifutwe. Anza na kampuni inayoishikilia. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.