Mkono wa Sindano na Ngoma za Lubiri

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, Kampala. Mutesa II akakimbilia uhamishoni, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Bahati nzuri mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa ameshapita Uganda na mitambo yake mwaka 1950 na tena 1952, akarekodi muziki wa ikulu, ikiwemo entenga, ngoma 12 zilizosawazishwa sauti hadi zikatoa wimbo kama marimba, pamoja na nyingine tatu za kushika mdundo. Kazi yake ilisambazwa katika mfululizo wa Sound of Africa, LP 210 kwa jumla. Mwenye santuri hizo leo humsikiliza Kabaka kupitia ncha ya sindano, na sindano haijibebi. Hubebwa na mkono, ambao wanunuzi wengi huudhani fimbo tu ya kushikilia katriji yenye sindano hiyo. Hoja yangu ni kwamba kwa muziki huu hasa, mkono ndio wa kuchaguliwa kwanza, katriji baadaye.

Tuanze na muziki wenyewe. Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao 12 na wapigaji watatu. Wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akipachika mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu huokota noti mbili za chini kabisa za wimbo na kuzirudia juu, kwenye mbao mbili ndogo. Mapigo yakiunganishwa huweza kukaribia kumi kwa sekunde. Mtafiti Gerhard Kubik, aliyejifunza kwa mwanamuziki Evaristo Muyinda mjini Kampala kuanzia mwaka 1959, alionyesha kwamba msikilizaji husikia humo nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga; huzaliwa sikioni kwa kupishana kwa sauti za juu na za chini. Basi kila pigo lisipoanza na kukoma mahali pake, nyimbo hizo hazizaliwi. Mkono mwembamba wenye beringi zilizolegea hutetemeka wenyewe kwa mamia ya mitetemo kwa sekunde, eneo lile lile zinakolia mbao za amadinda, na mlio wake hujaza vile vipenyo vya kimya.

Historia ya mkono ni historia ya kupunguza mzigo. Kwenye gramafoni ya kuzungushwa kwa mpini ulikuwa bomba, ukipeleka sauti kutoka kwenye sindano ya chuma hadi kwenye tarumbeta, na ulikandamiza santuri kwa zaidi ya gramu 100. Umeme ulipokuja sauti haikuhitaji tena bomba. LP ya mwaka 1948, yenye mifuo myembamba, ikalazimisha wepesi, ingawa redio-gramafoni nyingi za sebuleni ziliendelea kukandamiza kwa gramu 5 au zaidi. Mkono mzuri wa leo huridhika na gramu 2. Tangu enzi za gramafoni wataalamu walikuwa wakihangaika na jambo jingine: mashine inayochonga santuri husafiri kwa mstari ulionyooka, ilhali mkono wenye egemeo hupita kwa upinde. Percy Wilson aliandika juu ya hili mwaka 1924, Löfgren 1938, Baerwald 1941, na hesabu zao ndizo zinazotumika hadi sasa kupanga pembe ili kosa liwe sifuri mahali pawili tu. Pengine popote kosa lipo, na huumiza zaidi karibu na kitovu: ukingoni mwa LP mfuo hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kila sekunde, ndani hubaki 21 hivi, na mawimbi yale yale yamesongamana.

Atasema mtu: kinachogusa mfuo ni sindano, fedha iende huko. Ingekuwa kweli kama sindano na mkono vingekuwa vitu viwili. Uzito wa mkono ukikutana na ulaini wa kiungo cha sindano, huzaliwa mtikisiko mmoja ambao unatakiwa uwe kati ya mitetemo 8 na 12 kwa sekunde. Ukishuka chini ya hapo, santuri iliyopinda kidogo kwa joto huuamsha, sindano ikayumba mbele na nyuma, na usawazisho wa mbao ukapepesuka. Katriji ya bei ghali na laini juu ya mkono mzito itashindwa na ya bei nafuu iliyooana na mkono wake. Ni jambo la kukokotoa kabla ya kulipa, na wauzaji wengi hawalitaji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba santuri za Kampala zimeshachakaa: vumbi jekundu la murramu, sindano butu, mikono mizito ya zamani. Ni kweli, na hakuna mkono unaorudisha plastiki iliyokwisha kulika. Lakini kuta za mfuo hulika zaidi pale sindano ilipokuwa ikigusa. Sindano ya unene tofauti kidogo hukaa juu au chini ya hapo, na mara nyingi hukuta ukuta mzima. Santuri za mizunguko 78 huhitaji ncha ya maikromita 75 hivi, LP za mono 25. Ndiyo maana ningechagua mkono wenye kichwa kinachochomoka, wa aina iliyoenezwa na kampuni ya SME tangu 1959, kuliko mkono wa kipande kimoja kama Rega RB300 wa mwaka 1983. Wa Rega ni imara zaidi, sibishi, na anayesikiliza LP mpya pekee auchukue. Kwa rafu iliyochanganya 78, vijisanturi vya mizunguko 45 na LP za Tracey, kile kiungio cha ziada ni hasara ndogo kuliko kukosa sindano inayofaa.

Na wanaosema tuhamishie kila kitu kwenye kompyuta, mjadala uishe? Waanze hata kesho. Ila nakala ya kompyuta ya santuri hupitia mkono ule ule, na makosa ya mkono huo huingia kwenye faili pamoja na ngoma; atakayekuja kusafisha sauti miaka ishirini baadaye hatakuwa na namna ya kujua mlio upi ni wa ubao na upi ni wa bomba la alumini.