Trauti wa Mto Gura

Wenzangu watatu wanataka tupande Nyandarua Desemba, tulale hemani siku nne na tuvue samaki mto Gura. Kazi ya kupanga nikatwikwa mimi, eti mwandishi wa habari anajua kuulizia. Orodha ya vitu haikunisumbua: hema, blanketi (kule juu ni zaidi ya mita 3,000), meko, unga, mishipi, pesa za kiingilio. Aliyenichelewesha ni samaki mwenyewe.

Trauti si mwenyeji wa mlima huu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, akayatia Gura. Fikiria safari hiyo: meli, reli, halafu kupanda mlima usio na barabara, ili Mzungu apate kuvua kama kwao. Wakikuyu wa chini ya mlima, kwa desturi, samaki hawakumla kabisa. Mto wao ukajazwa chakula wasichokitaka.

Simulizi za wavuvi humsifu Grogan kwa mayai hayo, basi. Lakini ni huyohuyo ambaye, mwaka 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu wavuta rikisho hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja. Ni miaka miwili tu kati ya samaki na viboko. Mimi siwezi kumgawa mtu huyo mara mbili.

Hata jina Aberdare liliachwa na mpita njia, Joseph Thomson, kwa heshima ya bwana mmoja wa London.

Hifadhi ya taifa ilitangazwa 1950. Miaka miwili baadaye ikaja hali ya hatari, na msitu huohuo ukawa eneo marufuku: ukionekana ndani, unapigwa risasi. Ndege za Uingereza zikaumwagia mabomu. Waliopiga kambi kweli Nyandarua ni hao waliokuwa chini ya mabomu. Sisi tunahesabu mitungi ya gesi. Wao walitegemea chakula kilichopenyezwa usiku kutoka vijijini, mpaka serikali ikawafungia wanakijiji nyuma ya mahandaki yenye miti iliyochongwa. Karari Njama, mwalimu aliyeingia msituni akawa mwandishi wa kumbukumbu za wapiganaji, aliyasimulia maisha hayo katika kitabu Mau Mau from Within, 1966. Kwangu hicho ndicho kitabu cha kubeba, kuliko mwongozo wowote wa uvuvi.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Mkewe, Mukami, alifariki 2023 bila kukabidhiwa mabaki yake.

Leo msitu umezungukwa na ua wa umeme wa kilomita kama 400, uliokamilika 2009. Siubezi, muulize mkulima wa Nyeri ambaye ndovu walimmalizia mahindi. Ila tutakapolipa getini, risiti haitasema nani aliwahi kulala humo bure, na kwa gharama gani.

Kwa hiyo nimeongeza siku moja kwenye ratiba, kabla ya geti: kupitia Kahiga-ini, alipokamatwa Kimathi. Wawili wamekubali. Wa tatu ameuliza kama huko nako kuna samaki. Nimemwambia abebe blanketi ya pili.