Wagonjwa Watano wa Gothenburg

Ndugu wengi tumewahi kusikia kauli hii kando ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi: ubongo uliokufa haurudi. Aliyeipa nguvu ni Santiago Ramón y Cajal, daktari Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Alichora seli za neva kwa mkono wake, na katika kazi aliyoichapisha mwaka 1913 na 1914 alishikilia kwamba njia za ubongo wa mtu mzima zinaweza kufa, lakini hazizaliwi upya. Miaka ya 1960 Joseph Altman, huko Marekani, aliona seli mpya katika ubongo wa panya waliokomaa. Wachache walimsikiliza.

Mwaka 1992, mjini Calgary, Kanada, Reynolds na Weiss walipata katika ubongo wa panya aliyekomaa seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kuzaa seli za neva. Je, binadamu? Jibu lilikuja mwaka 1998 kutoka Gothenburg, Sweden. Wagonjwa wa saratani walikuwa wamepewa kemikali inayotia alama seli zinazogawanyika, ili uvimbe wao upimwe. Watano walipofariki, Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao walichunguza ubongo wao. Alama ilikutwa ndani ya seli za neva, mahali panapohusika na kumbukumbu. Hapa napenda kutua kidogo. Watu hao walikuwa wanakufa, na seli zao zilikuwa bado zinazaliwa. Wapo wataalamu wanaobishia jambo hilo hadi leo, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Ilibaki shida ya shimo. Jeraha kubwa huacha uwazi katika ubongo, na seli zikimwagwa humo hazina pa kushika. Mwaka 2002 Park, Teng na Snyder walipanda seli shina juu ya kiunzi cha nyenzo ileile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka mwilini, wakakiweka katika ubongo wa panya walioumia. Seli zilishika, mishipa ya damu ikaingia, kiunzi kikayeyuka.

Makanisa hayakukaa kimya, na kwa haki. Mwaka huohuo wa 1998 James Thomson alikuwa ametoa seli shina katika viinitete vya binadamu, na viinitete hivyo vikaharibiwa. Wengi walitaja Zaburi ya 139. Kisha Shinya Yamanaka wa Kyoto akageuza seli za ngozi kuwa kama seli shina, za panya mwaka 2006 na za binadamu mwaka 2007. Kwangu hiyo ni nafuu kubwa ya dhamiri, ingawa haikumaliza mjadala.

Viunzi vya ubongo vingali hasa katika maabara, kwa wanyama. Anayemwambia mke wa mgonjwa auze shamba alipie sindano ya seli shina iliyo hakika, anamuuzia kitu ambacho bado hakipo.