Kiputo cha Mafuta na Maradhi ya Kala-azar

Wapo wanaopenda historia ya wafalme na vita. Mimi napenda ya vitu vidogo, na leo nina kitu kidogo kweli kweli: kiputo cha mafuta ambacho upana wake haufiki nanomita 100.

Tuanze na maradhi yenyewe. Kala-azar huletwa na kimelea anayeingizwa mwilini na inzi mdogo wa mchangani. Kwetu Kenya wanaijua sana Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, ambako inzi huyo hujificha kwenye vichuguu. Bandama huvimba, mwili hukonda, na asiyetibiwa karibu kila mara hufa. Mwaka 1903 William Leishman na Charles Donovan, kila mmoja kivyake, walimtangaza kimelea huyo. Ujanja wake ni kuishi ndani ya seli zilezile zinazomeza vijidudu. Yaani mwizi kajificha kituo cha polisi!

Dawa zilikuwepo, ila zilitesa. Kule Calcutta, Upendranath Brahmachari alitengeneza dawa ya antimoni miaka ya 1920, na antimoni ikatawala kwa miongo mingi. Miaka ya 1950 ikaja amfoterisini B, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Venezuela. Ilimuua kimelea, lakini mgonjwa alitetemeka kwa homa na figo zake zikaumia.

Miaka ya 1960, huko Uingereza, Alec Bangham alikuwa akichunguza mafuta yanayojenga kuta za seli. Yalipotiwa majini yalijikunja yenyewe yakawa viputo: liposomu. Wala hakuwa anatafuta dawa ya kala-azar. Kufikia 1978 watafiti walikuwa wameonyesha, kwa wanyama wa maabara, kwamba antimoni ikifungwa ndani ya viputo hivyo hufanya kazi kwa dozi ndogo zaidi. Sababu ni rahisi: seli za ulinzi huviona kuwa takataka na kuvimeza, na dawa inafika hadi chumbani kwa kimelea.

Basi, amfoterisini nayo ikavishwa mafuta, ikaitwa AmBisome. Marekani iliipa kibali mwaka 1997. Lakini soko lake kubwa lilikuwa wagonjwa wa fangasi katika nchi tajiri, na bei ilikuwa ya hukohuko. Mwaka 2010 utafiti wa India ulionyesha kuwa dripu moja tu iliponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likakubaliana na mtengenezaji kuhusu dawa ya msaada. Mwaka 2023 Bangladesh ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa kuwa kala-azar si tishio tena kwa afya ya umma.

Na sisi je? Dripu hiyohiyo moja ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia, haikuponya hata wagonjwa 60 kati ya 100. Ndiyo maana huku kwetu matibabu yakabaki sindano za kila siku, kwa siku 17. Isitoshe, AmBisome hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 25. Turkana hiyo, mchana!

Siku hizi maabara nyingi zinabuni vibebeo vipya vya nano, na habari zake huandikwa kwa shangwe. Mimi nikizisoma huuliza kwanza: vimejaribiwa kwa mgonjwa wa wapi, na vinastahimili joto gani?