Kuona, Kutazama na Madai ya Ufukara wa Kiswahili

Aghalabu mwalimu wa Kiingereza katika shule za Thika na Ruiru, afikapo kwenye somo la vitenzi vya macho, huandika ubaoni safu ndefu ya maneno, "see" na "look" na "watch", kisha "stare", "gaze", "glance" na "peep", akawafasiria wanafunzi wake kwamba kila neno lina namna yake ya kuelekeza macho. Na mtoto hutoka darasani na dhana ambayo pengine mwalimu mwenyewe hakuikusudia, ya kuwa Kiingereza ni tajiri wa macho ilhali Kiswahili kina maneno mawili tu, kuona na kuangalia. Dhana hiyo ni batili. Lugha hizi mbili zimeigawa kazi ya kuona kwa mizani mbalimbali, na asiyeijua mizani hiyo huzikosea zote mbili.

Mgawanyo wa kwanza, kati ya jambo linalotokea na jambo linalokusudiwa, zinao sawasawa. Abiria aliyeketi dirishani katika matatu itokayo Ruiru kwenda Thika huuona mlima wa Kilimambogo bila ya kuutafuta. Ukimvutia, ndipo hugeuza shingo akautazama. Wagikuyu, ambao ndio wenyeji wa miji hii, nao husema "ona" kwa hilo la kwanza na "rora" kwa la pili, na hiyo "rora" si ngeni pwani, maana Mgiriama husema "lola" kwa maana iyo hiyo. Basi mtoto wa Ruiru huja shuleni na tofauti hiyo kinywani mwake, akafundishwa kana kwamba imetoka ng'ambo.

Tukiingia katika namna za kutazama, Kiingereza hutafuta shina jipya kila mara, na Kiswahili aghalabu hulichukua jicho lenyewe kikalipa kazi: mtu hukodoa macho, hutumbua macho, hukaza macho, hutupa jicho, humkata mwenziwe jicho. Nami naona katika mafungu haya jambo ambalo halijatiliwa nadhari ya kutosha, nalo ni kwamba mtazamo unaokaa huelekea kutaka macho mawili, ilhali ule upitao upesi, au wenye chuki ndani yake, huelekea kutosheka na jicho moja. Na jicho hilo likidogoshwa likawa kijicho, limekwisha kuwa husuda.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi lakini umo mashambani. Ruiru ndiko iliko taasisi ya utafiti wa kahawa, na ndiko ilikotoka, mwaka 1985, aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Katika kazi ya kahawa nyapara huwaangalia wachumaji, mwenye shamba huikagua miti tawi kwa tawi, na mtaalamu huyachunguza matunda yaliyoingia doa jeusi. Fasiri hayo kwa Kiingereza cha kila siku, utapata "look after", "look over" na "look into": shina moja lililofungwa vijineno vitatu vya kulisaidia. Hapa Kiswahili ndicho chenye vitenzi vitatu vilivyo kamili, na sijapata kusikia mwalimu akisema kwamba Kiingereza ni fukara.

Walakini hoja kubwa ni ya kitenzi kuona chenyewe. Mjini Thika iko shule ya watoto wasioona iliyoasisiwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambamo maandishi ya nukta nundu husomwa kwa ncha za vidole. Mtoto wa shule ile akisema ameona baridi, au ameona njaa, au ameona haya mbele ya mgeni, hakuazima neno la wenye macho, wala hakusema kwa mafumbo. Amesema Kiswahili sahihi, kwa kuwa kuona katika lugha yetu ni kupatwa na jambo hata likatambulikana nafsini, na jicho ni mlango mmoja tu wa utambuzi huo. Ndiyo maana kumwonya mtu asili yake ni kumfanya aone, na fikira za mtu huitwa maoni yake, na mwenye nguvu humwonea mnyonge. "See" ya Kiingereza imetoka machoni ikapanda hadi kwenye ufahamu, lakini hakuna Mwingereza aionaye njaa kwa neno hilo.

Wala Kiswahili hakikuishia kwenye mashina yake ya Kibantu. Kutoka Kiarabu kilipokea nadhari, mandhari na nadharia, maneno ya shina moja lenye maana ya kutazama, kama vile neno la Kiingereza "theory" lilivyotoka katika neno la Kiyunani lenye maana iyo hiyo.

Nawasihi basi walimu wa Thika na Ruiru waiache desturi ya kuweka neno mbele ya neno, wamtake mwanafunzi aifasiri sentensi nzima, na waanze na hii: "Nimeona baridi."